Fulu Apendwa Ughaibuni, Kiswahili Kinamwitaje?

Mwishoni mwa mwaka jana, binamu yangu anayefanya kazi ya kuwatunza wazee huko Marekani alinipigia simu usiku wa manane akiwa na swali la Kiswahili. Si kawaida yake. Aghalabu yeye huniuliza habari za mvua, bei ya unga na afya ya nyanya yetu, kisha akakata simu. Siku hiyo alikuwa nyumbani kwa mzee mmoja ambaye, aliposikia kwamba mtunzaji wake ni mzaliwa wa Kisumu, alimwomba amsukume kwa kiti chake cha magurudumu hadi chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda, na ndani yake samaki wadogo wenye wekundu mgongoni na ubavu wa rangi ya kijani inayoelekea manjano. "Hawa ni wa kwenu," mzee akamwambia. "Wanaitwa fulu." Binamu yangu aliapa kwamba alilitamka neno hilo sawasawa, kama mtu wa Dunga.

Swali lake kwangu lilikuwa jepesi. Mumewe ni Mkamba, Kiswahili ndicho lugha ya nyumba yao, na mtoto wao hajui Kijaluo. "Dada, wewe ndiwe mwanakiswahili wa ukoo. Nataka kumsimulia mtoto habari za samaki hawa. Fulu kwa Kiswahili ni nani?" Nikasema ni samaki mdogo wa ziwani. Akauliza, "Dagaa?" Nikasema la, si dagaa. "Sato basi?" La, wala si sato, ingawa ni wa ukoo mmoja. Nikaahidi kumtafutia jibu asubuhi. Asubuhi nilifungua kamusi mbili zilizo mezani pangu, nikakuta changu, tasi, kolekole, nguru, chewa, kibua na pono, jeshi zima la samaki wa bahari ambao wengi wao sijawahi kuwatia machoni. Fulu sikumwona.

Makala haya yametokana na aibu hiyo. Hoja yangu ni kwamba fulu alidharauliwa na watu wasiomtazama, akapendwa na watu waliomtazama, na kwamba sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili kandokando ya ziwa hili tumo katika kundi la kwanza. Najua jarida letu limezoea makala za ushairi na isimu, na huenda msomaji akashangaa samaki wanatafuta nini humu. Namwomba subira.

Kwanza fulu ni nani? Kwa Wajaluo, fulu ni jina la jumla la samaki wadogo ambao wanasayansi huwaita Haplochromis pamoja na jamaa zao wa karibu. Wenzetu wa Mwanza huwaita furu. Ni neno lilelile, ila l imegeuka r, jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa fonolojia ya Kibantu na ya majirani zake halimpi shida. Wengi hawazidi urefu wa kiganja. Majike karibu wote ni wa rangi ya kijivu au kahawia, wala macho yasiyozoea hayawezi kuwapambanua. Hata hivyo, kwa makadirio ya wataalamu, ziwa letu na vijiziwa vinavyolizunguka vilikuwa na spishi zipatazo 500 za samaki hao. Ziwa lenyewe linaaminika kuwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa tena, kwa hiyo utitiri huo wote wa spishi umetokea katika kipindi ambacho kwa hesabu za maumbile ni kufumba na kufumbua. Kuna fulu wanaokwangua mwani kwenye miamba, kuna wanaovunja makonokono kwa taya la pili lililo kooni, kuna wanaokula magamba ya wenzao, na kuna walioishi kwa kunyang'anya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa kina mama wa spishi nyingine. Mtu akitaka riwaya yenye wahusika wengi, hii hapa.

Nyanya yangu, ambaye sote humwita Dani, alikulia pwani ya ziwa upande wa Siaya. Yeye hasemi spishi 500. Husema tu kwamba zamani fulu walikuwa wengi hata mtoto aliyetumwa maji alirudi nao. Walianikwa juani, wakatungwa kwa matete, wakauzwa kwa tungo. Walikuwa kitoweo cha siku ambayo hakuna kitoweo. Mgeni wa heshima hakuwekewa fulu. Aliwekewa ngege au kamongo. Fulu wana miiba, na mla fulu asiyekuwa mwangalifu hujuta. Dani mwenyewe anawapenda, lakini humwona akiona haya kidogo kusema hivyo mbele za watu.

Haya hiyo ilikuwa na wenzake wenye madaraka makubwa zaidi. Maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni waliwaona fulu kuwa samaki taka: wadogo, wenye miiba, wasio na soko. Wazo likazuka la kuleta samaki mkubwa mla samaki, ili awageuze fulu kuwa minofu ya maana. Wapo walioonya. Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, alikuwa ameandika kwamba kuleta samaki mkubwa mwindaji kutoka kwingine ni hatari kubwa. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer naye alilipinga pendekezo hilo kwa maandishi. Lakini mbuta, anayeitwa sangara Tanzania, alikwisha kutiwa majini upande wa Uganda mwaka 1954, na mapema katika miaka ya 1960 akatiwa upande wa Kenya pia. Ikumbukwe kuwa mbuta aliyekomaa sawasawa huweza kufikia kilo 200.

Kwa miaka ishirini hivi mambo yalionekana shwari. Uchunguzi wa nyavu za kukokota wa kati ya mwaka 1969 na 1971 ulionyesha kwamba fulu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sakafu ya ziwa. Huko Mwanza, katika miaka ya 1970, hata kilijengwa kiwanda cha kuwasaga ili wawe chakula cha mifugo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ghuba yetu ya Winam ikatangulia na sehemu nyingine zikafuata: mbuta wakafurika, fulu wakatoweka. Katika maji ya wazi walishuka hata chini ya asilimia moja ya samaki waliovuliwa. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 ziliangamia, nyingi zikiwa hazijapewa jina na mwanasayansi yeyote.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu mbuta. Viwanda vya minofu vya Kisumu vilivyochipuka tangu miaka ya 1980 vimesomesha watoto wa watu, pengine hata wewe unayesoma. Ila minofu hupanda ndege kwenda Ulaya, na mwenyeji hubaki na kichwa na mifupa. Kina mama wa Obunga huinunua mifupa hiyo, wakaikaanga na kuiuza kwa jina la "mgongo wazi". Hilo nalo ni neno la Kiswahili kitukufu, lililofinyangwa na wanawake wa mtaa wa mabanda bila baraza wala kamati, na ningependa siku moja kuona mtu akiliandikia tasnifu. Wazee wetu waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, sidhani walimaanisha samaki, lakini Dani huniambia methali iliyo karibu na hiyo kwa Kijaluo kila anapouona mgongo wazi sokoni Kibuye.

Sasa twende ughaibuni alikokuwa binamu yangu. Ufugaji wa samaki wa mapambo ni uraibu mkubwa katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani. Kwa miaka mingi wafugaji waliopenda samaki wa maziwa ya Afrika walitukuza wa Ziwa Nyasa na wa Ziwa Tanganyika. Wale wa Nyasa wanaoishi miambani walikuja na jina lao la nyumbani, mbuna, na leo hakuna mfugaji wa Ujerumani asiyelijua neno hilo. Fulu hawakuwa na wateja. Dukani walionekana wa kijivu, wagomvi, wasio na haiba. Ni msiba wa ziwa uliowapeleka majumbani mwa watu. Watafiti walipoona spishi zinakwisha, walianza kuwahamisha samaki wachache walio hai hadi katika maabara za Leiden, Uholanzi, na katika hifadhi za Marekani, ambako mwaka 1993 jumuiya ya bustani za wanyama ilianzisha mpango maalumu wa kuwanusuru samaki wa ziwa letu. Matangi ya taasisi hayakutosha. Vizazi vilivyozaliwa humo vikaenea mikononi mwa raia wa kawaida: makarani, walimu, madereva, wastaafu. Tangu mwaka 2004 kuna mpango mwingine uitwao CARES, ambao huwahimiza wafugaji wa nyumbani kuzilea spishi zilizo hatarini, na fulu wamo tele katika orodha yake.

Hapa ndipo penye jambo linalonigusa. Wengi wa watu hao waliwapokea fulu kwa ajili ya wajibu, kama mtu anavyompokea yatima asiyemjua. Mapenzi yalikuja baadaye, na yalikuja kwa sababu tangi la kioo humlazimisha mwenye nyumba kutazama kila jioni. Dume la fulu halioneshi rangi zake kwa mpita njia. Likiwa limeonewa na wenzake, au limehamishwa juzi, hujikunyata katika ukijivu. Likitulia na kupata himaya yake hata kama ni jiwe moja tu, huwaka: jekundu, samawati, manjano, jeusi tititi. Likishindwa vitani hufifia tena siku hiyohiyo. Katika pezi lake la chini, karibu na mkia, lina vidoa vya manjano vyenye umbo la yai. Jike hutaga mayai, papo hapo akayaokota kinywani. Kisha, akiviona vidoa vile, huvidonoa akidhani ni mayai aliyoyasahau, na hapo ndipo mbegu za dume huingia kinywani mwake. Huyaatamia mayai humo kinywani kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, hali chochote cha maana, mashavu yamemvimba. Vifaranga wakitoka na hatari ikatokea, hufungua kinywa wakarudi ndani. Binamu yangu alisema yule mzee alipofika hapo katika maelezo yake alinyamaza kwa muda, halafu akamwambia kwamba tangu mkewe afe ameangalia majike kumi na saba wakibeba mayai, na kila mmoja amemwandika daftarini.

Amemwandika daftarini! Mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka ziwani sikujua kwamba fulu hubeba watoto kinywani. Dani alijua, nilipomuuliza alishangaa kwamba sijui. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwa sababu hakuna kitabu cha kiada cha Kiswahili nilichosomea kilichowahi kumtaja samaki huyo, na mazungumzo ya Dani na mimi kuhusu mambo ya ziwa yalikoma nilipokwenda shule ya bweni.

Tuje kwenye majina, maana hayo ndiyo shughuli yetu. Mwaka 1985 watafiti wawili Waholanzi waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza walimtangaza fulu mmoja mpya, dume lake likiwa jekundu juu, manjano ubavuni na jeusi tumboni, wakamwita Haplochromis nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walimwingiza katika jenasi mpya waliyoipa jina la Pundamilia, kwa sababu ya mistari yake. Jamaa yake wa karibu, ambaye dume lake ni la samawati, aliitwa Pundamilia pundamilia. Basi leo mfugaji wa Chicago au wa Osaka anayekwenda dukani kumtafuta samaki huyo hutamka neno la Kiswahili mara mbili bila kujua, na akimtaka yule mwekundu hulitaja jina la mfasiri wa Shakespeare, aliyetupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Nao wale samaki aliowaonyesha mzee kwa binamu yangu ni Xystichromis phytophagus, waliotangazwa na Humphry Greenwood mwaka 1966. Wafugaji wanamwita "Christmas fulu", yaani fulu wa Krismasi, kwa sababu ya wekundu na ukijani wake. Kilatini kimepokea Kiswahili. Kiingereza kimepokea Kijaluo. Kiswahili, jirani wa mlango wa pili, bado kinapiga hodi.

Nilipolisema hili katika semina yetu, mwenzangu mmoja kutoka Pwani, rafiki yangu ambaye Kiswahili chake nakihusudu, alinipinga. Alisema tukifungulia kila lugha mlango iingie na samaki wake, kamusi itavunda. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuhitaji neno fulu maishani mwake. Hoja yake ya pili naikubali. Mimi nami sijawahi kuhitaji neno kolekole, ila nimelisoma, nimelikariri, na nikaulizwa. Kuhusu hoja ya kwanza, namwomba akumbuke mwaka huohuo wa 1985. Mwaka fulu alipopewa jina la Mwalimu, Mwalimu alikuwa akiondoka madarakani, na neno alilolitumia kwa kuondoka kwake ni kung'atuka, alilolitoa katika Kizanaki, lugha ya mkoa wa Mara, jirani na ziwa hilihili. Leo mbunge wa Mombasa na mwanahabari wa Lubumbashi wanang'atuka bila kuuliza asili ya neno. Kamusi haikuvunda.

Nina kisa changu pia. Nikiwa darasa la saba niliandika insha kuhusu mama aliyekaanga omena. Mwalimu alilizungushia neno hilo wino mwekundu mara sita na kuandika pembeni "dagaa", kisha akanipunguzia alama. Simlaumu sana, alifundishwa hivyo. Lakini dagaa nililoelezwa kuwa ndilo sanifu ni jina linalobeba samaki wa bahari na wa maziwa kwa pamoja, ilhali omena niliyemwandika alikuwa mmoja, wa sahani yetu. Leo omena anauzwa Nairobi, Nakuru na Eldoret kwa jina hilohilo, akiitwa hivyo na watu wasiojua neno jingine la Kijaluo. Soko lilimsanifisha sisi tukiwa tunasahihisha insha.

Isitoshe, si kweli kwamba Kiswahili ni lugha isiyojua ziwa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na Rosa Mistika ya mwaka 1971 inaanzia kisiwani humo. Kabla yake, Aniceti Kitereza, Mkerewe mwingine, alikamilisha riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji, naye uzeeni akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Fikiria mzee huyo akikaa na kila jina la mmea, la chombo na la desturi ya kisiwani, akijiuliza Kiswahili kinaliitaje. Sisi wa upande wa Kenya hatujapata Kitereza wetu. Tuna vyuo, tuna vyama vya Kiswahili na tuna makongamano, lakini mashairi yanayotungwa na wanafunzi wa Kisumu na Maseno bado yana minazi, majahazi na pepo za kusi. Nami nimetunga yenye hayo. Nilipata sifa.

Kuna jambo jingine la kitaalamu ambalo nimelifikiria sana tangu nilipolisoma. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walichapisha utafiti uliothibitisha kwamba si mbuta peke yake anayewamaliza fulu. Jike la fulu humchagua mume kwa rangi. Udongo unaotiririka kutoka mashambani na uchafu wa miji hulitia ziwa ukungu. Mwanga hupungua, rangi hazionekani. Katika maabara, chini ya taa iliyofuta tofauti ya rangi, majike walishindwa kumtofautisha dume jekundu na la samawati, wakajamiiana na yeyote. Ziwani, palipo na maji maangavu spishi ni nyingi na rangi zinang'aa. Palipo na tope, rangi zimefifia na spishi zinayeyukiana. Hakuna aliyeuawa, hakuna aliyeliwa, lakini baada ya vizazi kadhaa waliokuwa wawili ni mmoja wa kijivu. Ghuba ya Winam, ambayo tangu miaka ya 1990 imebeba pia mzigo wa gugumaji, ni miongoni mwa sehemu zenye tope jingi. Anayetaka kuona maji hayo asimame ufuoni Dunga baada ya mvua.

Penye nafuu ni Kanyaboli. Ni ziwa dogo huko Siaya, lililotengwa na ziwa kuu kwa vinamasi vya Yala na msitu wa mafunjo. Mbuta hafiki huko. Ngege wa asili, ambaye katika ziwa kuu ametoweka karibu kabisa, bado anavuliwa Kanyaboli, na huko ndiko fulu wa Krismasi anakoishi. Mwaka 2010 ziwa hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa, ingawa vinamasi vinavyolilinda vimeendelea kugombaniwa na wakulima wakubwa kwa wadogo. Nilikwenda mwezi wa pili kwa basi hadi Siaya na kwa bodaboda hadi ufuoni. Mvuvi mmoja wa makamo alinionyesha fulu ndani ya mtumbwi wake, kumi na wawili hivi, wakiwa wamekwisha kufifia. Nilimwambia kwamba samaki hao wanafugwa katika vioo ng'ambo, na kwamba watu hulipa dola kuwapata. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akauliza ni dola ngapi. Swali lake ni la haki na sina jibu lake. Kati ya fedha zinazozunguka kwa jina la fulu katika maduka ya samaki ya dunia, sijui ni senti gani iliyowahi kufika Siaya.

Kwa hiyo siwatukuzi wafugaji kupita kiasi. Wapo wanaochanganya spishi ovyo kwa ajili ya rangi, wapo wanaobuni majina ya biashara yasiyomhusu mtu wala mahali, na kupenda samaki aliye sebuleni, aliyekwisha kulishwa, ni kupenda kusiko na gharama kubwa. Fulu aliyezaliwa tangini vizazi ishirini hajui mbuta wala kengewa. Pengine hata akirudishwa hatamudu. Lakini yupo, na rangi zake zipo. Zipo spishi ambazo leo hii pengine hazina mahali pengine pa kuishi ila vyumba vya nyuma vya watu kama yule mzee. Neno lililo katika kamusi peke yake liko katika hali hiyohiyo, na sijasikia mwanaleksikografia akishauri litupwe.

Ombi langu kwa chama chetu ni dogo. Likizo ijayo, badala ya safari ya kila mwaka ya Mombasa, ambayo naipenda na nitaikosa, wanafunzi kumi waende Dunga, Usenge, Mbita na Kendu Bay wakiwa na madaftari. Waketi na wavuvi na wachuuzi. Waulize fulu yupi huitwaje na kwa nini, maana Dani anasema fulu hawakuwa na jina moja tu. Walikuwa na majina ya pili kulingana na rangi, mahali na ladha, na yeye mwenyewe amekwisha kuyasahau mengi. Waulize pia upande wa Waluhya wa Busia na wa Wasuba wa visiwani, ambao lugha yao imekwisha kupungukiwa na wasemaji. Tuandike vidahizo, tuvijadili hapa jaridani, tukubaliane kama ni fulu au furu au yote mawili kama ilivyo kwa mbuta na sangara. Walimu wetu wa leksikografia watusahihishe. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji nauli ya matatu.

Mimi nimejaribu cha kwanza. Niliandika: fulu, nomino, ngeli ya A-WA, samaki mdogo wa ziwani mwenye miiba mingi. Nikakisoma na kukifuta, kwa kuwa ni maneno ya yule ofisa wa kikoloni. Jumamosi nikamwendea Dani ili anisaidie kufasili. Nilimwonyesha picha ya binamu yangu kwenye simu. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hili ni dume," akasema. "Limeshiba. Huyo mzee huwala lini?"

"Hawali, Dani."

"Huwauza?"

"Hapana. Huwatazama tu."

Alinyamaza. Nilidhani angecheka kama mvuvi wa Kanyaboli. "Nyakwara," akaniambia, "hii picha inaweza kukuzwa?" Nikaikuza kwa vidole viwili, nikampa simu tena, na chai yake ikapoa.